Matundu ya Sampuli ya Kumi na Saba

Akitoka shule, kabla hajavua sare, Sisimizi alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kujaza ndoo mbili kwenye bomba la uani. Ya pili ni kufagia chumba. Ya tatu, ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo, ni kuweka kijiwe chini ya waya wa kompyuta.

Waya ule ulikuwa umelegea. Usipoinuliwa kidogo, umeme haukupita. Kijiwe chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi, na Sisimizi alikitunza ndani ya kisanduku cha kiberiti ili kisipotee. Kompyuta ilikuwa mpakato kuukuu, kifuniko chake kimeshikiliwa kwa plasta ya kufungia vidonda. Ilikaa mezani kati ya kitanda na dirisha, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa.

Sisimizi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na mwili wa mtoto wa miaka tisa. Jina hilo alipewa kwa sababu ya udogo wake na kwa kuwa kila ukimwona, amebeba kitu. Aliishi na Shangazi, dada wa baba yake. Baba alikuwa ameondoka kutafuta kazi miaka minne iliyopita. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, halafu kila mwezi, halafu simu zikakoma, na Shangazi akaacha kumtaja.

Shangazi alikuwa mwosha vyombo katika maabara ya magonjwa ya mifugo. Kwa miaka tisa alikuwa ameosha mirija, chupa na visahani vya kioo, hadi vidole vyake vikababuka kwa dawa. Shule aliiachia darasa la sita. Lakini masikio yake hayakuacha kusoma. Wataalamu walipozungumza, yeye aliosha polepole ili asikie. Siku moja kijana aliyekuja maabara kwa mafunzo, ambaye kila mtu alimwita Miwani, alimkuta amesimama nyuma yake akitazama kioo cha kompyuta.

"Unatazama nini, mama?"

"Hizo herufi. Hapo juu zinafanana, hapo chini moja imebadilika."

Miwani aligeuka akamwangalia. Alikuwa ameitafuta tofauti ile tangu asubuhi.

Kuanzia siku hiyo, kila saa ya mapumziko, Miwani alimfundisha. Alipomaliza mafunzo yake na kuondoka, alimwachia mpakato ule kuukuu. Ndivyo mwosha vyombo alivyoanza kusoma virusi.

"Hebu nieleze tena," Sisimizi alipenda kusema, ijapokuwa alishaelezwa mara nyingi.

"Kirusi kina maandishi ndani yake," Shangazi alieleza. "Tunayaandika kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Mashine ya maabara inayasoma vipande vipande, kama gazeti lililochanwa na mtoto. Kompyuta inaviunga vipande. Mimi kazi yangu ni kuangalia kama kompyuta haijadanganyika."

"Na kazi hiyo inaitwaje?"

"Bioinfomatiki."

"Inauma ulimi."

"Kuitamka kulinichukua wiki. Kuifanya kumenichukua miaka sita, na bado nababaika."

Miaka hiyo sita ilikuwa ya kuambulia patupu. Shangazi alikuwa ameomba mara nne nafasi ya kukaa kwenye chumba cha kompyuta pale maabara, na mara nne alijibiwa kwa barua. Barua zote zilikuwa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, na zote zilikuwa na sentensi moja: mwombaji hana cheti kinachohitajika. Barua ya nne hawakuhangaika hata kuichapa upya. Waliifuta tarehe ya zamani kwa kalamu wakaandika nyingine juu.

Shuleni nako mambo hayakuwa mazuri. Sisimizi alikuwa akirudia darasa. Domo, msichana aliyekaa dawati la nyuma yake, hakukosa la kusema.

"Eti shangazi yako siku hizi ni daktari," Domo alisema. "Daktari wa chupa. Chupa ikikohoa anaipa dawa."

Darasa zima lilicheka. Sisimizi aliinamia daftari. Alitamani kujibu, lakini maneno yake yalikuwa na tabia ya kufika siku ya pili yake.

Jumatatu moja Shangazi alirudi nyumbani mapema, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Mkuu wa maabara ameniita," alisema. "Kuna ugonjwa wa kuku. Wanadhani ni kideri. Wamekusanya sampuli ishirini na nne mitaani, na mtaalamu wa kompyuta ameacha kazi. Mkuu ameniambia nizifanye mimi. Anataka majibu safi Ijumaa saa nne. Nikiweza, atanitetea mbele ya kamati inayotoa nafasi hiyo. Nikishindwa, nisimwombe tena."

"Utaweza, Shangazi."

"Sijui." Shangazi alivua kiatu kimoja akakishika mkononi. "Nina miaka arobaini na mitatu. Hii ndiyo ya mwisho, mwanangu. Mlango huu ukifungwa, nitaosha chupa mpaka mikono iishe."

Wiki hiyo Shangazi aliamka alfajiri akafanya kazi kabla ya kwenda kuosha vyombo, na akirudi jioni aliendelea. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo Sisimizi alimsaidia kazi moja. Katika kila faili kulikuwa na sehemu ambazo mashine ilishindwa kusoma. Hapo palikuwa na herufi N badala ya zile nne. Sisimizi alizihesabu na kuandika idadi kwenye daftari. Sampuli ya kwanza, tatu. Ya pili, hakuna. Ya tano, kumi na moja. Shangazi aliziita matundu.

Alhamisi wakafika sampuli ya kumi na saba. Hiyo ilitoka kwa jirani yao, Mama Mayai, mjane aliyeishi kwa kufuga kuku nyuma ya nyumba yake. Kuku watatu walikuwa wamemfia, na ishirini na wawili walikuwa bado hai. Kila jioni alipita dirishani kuuliza.

"Jirani, majibu yangu vipi?"

"Bado, mama. Vumilia kidogo."

"Navumilia. Kuku ndio hawajui kuvumilia."

Sisimizi alihesabu matundu ya sampuli ile mara mbili. "Mia mbili na kumi na mbili, Shangazi. Yote yako sehemu moja."

Shangazi alisogeza uso karibu na kioo. Kisha akaegemea kiti, akafumba macho. "Na ni pale pale. Sehemu hiyo ndiyo inayoonyesha kama kirusi ni kikali au kipole. Matundu haya yataniua mimi."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema akiwa amechoka. Lakini Sisimizi hakulala vizuri. Maneno yale aliyachukua kama yalivyo.

Asubuhi ya Ijumaa Shangazi alikwenda kuoga kabla ya kutoka. Kompyuta ilikuwa wazi mezani, faili la kumi na saba likiwa juu. Sisimizi aliyatazama yale matundu, N, N, N, safu kwa safu, kama karatasi ya mtihani iliyoachwa tupu.

Sasa, shuleni kwao mitihani yote ilikuwa ya kuchagua A, B, C au D. Na kabla ya kila mtihani Mwalimu aliwaambia maneno yale yale: "Asiache mtu pengo. Pengo ni sifuri. Kama hujui, kisia." Wanafunzi wenyewe walikuwa na nyongeza yao waliyorithishana kutoka darasa hadi darasa: ukikwama kabisa, andika C.

Mia mbili na kumi na mbili, alifikiri Sisimizi. Shangazi atapata sifuri mia mbili na kumi na mbili, na hii ndiyo ya mwisho.

Alikaa. Alifuta N ya kwanza akaandika G. Ya pili akaandika A. Alijitahidi kuchanganya herufi zile nne ili zipendeze. Bafuni maji yalikuwa yakimwagika. Alipofika ya mia na themanini hivi, alisikia ndoo ikiwekwa chini. Hapo akaacha kuchanganya. Aliandika C, C, C, C, mpaka mwisho wa matundu. Akahifadhi faili, akarudi kwenye ufagio.

Shangazi aliingia, akanakili mafaili yote kwenye flashi bila kuyafungua, akaifunga flashi kwenye ncha ya leso kama pete ya dhahabu.

"Niombee," alisema.

"Yamekaa vizuri, Shangazi," alisema Sisimizi, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Jumatatu iliyofuata Mama Mayai alipita dirishani akitabasamu. Maabara walimwambia kirusi cha kwake si kikali. Kuku wake waliobaki angeweza kuwachanganya na vifaranga thelathini aliokuwa ameagiza. Shangazi alikunja uso.

"Wamekuambia hivyo? Si kikali?"

"Karatasi hii hapa. Au wewe ulitaka kiwe kikali?"

"Hapana, mama. Nashukuru kusikia." Lakini aliporudi mezani bado alikuwa amekunja uso. "Ajabu," alijisemea. "Ile si ilikuwa na matundu. Labda walisoma upya kwa mashine yao."

Sisimizi alikuwa akichagua mchele. Aliinua kichwa, kisha akakiinamisha tena.

Alhamisi, akitoka shule, aliona watu wamesimama nyuma ya nyumba ya Mama Mayai. Mjane alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka mbele yake. Kuku na vifaranga walikuwa wamelala kila mahali, shingo zimepinda. Mmoja alikuwa bado akizungukazunguka palepale kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Waliniambia si kikali," Mama Mayai alikuwa akisema, si kwa mtu yeyote. "Nikawafungulia. Nikawachanganya mwenyewe, kwa mikono yangu."

Sisimizi hakujaza ndoo siku hiyo. Alikaa kitandani na kisanduku cha kiberiti mkononi.

Shangazi alirudi jua likiwa bado juu. Alifungua mlango taratibu, akavua koti la kazi, akalikunja vizuri sana, kama linalorudishwa kwa mwenyewe.

"Habari za kuku wa Mama Mayai zimefika maabara, na Mkuu ameifungua sampuli ya kumi na saba," alisema. "Amekuta C thelathini na moja mfululizo. Kompyuta yao haikuona alama ya ukali kwenye herufi zile, ikaandika si kikali. Aliniuliza niliona wapi kirusi cha namna hiyo. Amesema nimetunga." Alikaa. "Mbele ya wote alisema. 'Ndiyo maana tunaulizia vyeti, dada.' Na mimi nikasimama pale na ndoo yangu."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini? Faili ni langu, limetoka kwenye kompyuta yangu." Shangazi alitazama viganja vyake. "Nimewaza njia nzima. Labda ni mimi kweli. Alfajiri ile nilikuwa na usingizi, labda nililalia vitufe. Macho yangu haya si ya kutegemea tena. Nimewaulia watu kuku, Sisimizi. Walikuwa na haki kuninyima miaka yote hii."

Sisimizi alifungua kinywa. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe. Shangazi alishajihukumu mwenyewe. Hukumu ilikuwa imekwisha kupita, kazi ilikuwa kukaa kimya tu. Lakini alimwona Shangazi akivua miwani yake ya kusomea, akiifunga, na kuiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na zile barua. Aliliona kopo likisukumwa chini ya kitanda.

"Si wewe," alisema.

"Nini?"

"Hukulalia vitufe. Ni mimi niliyejaza." Sasa maneno yalitoka yote kwa pamoja, yakigongana. "Ulisema matundu yatakuua. Mwalimu anasema tusiache pengo. Nilitaka upate. Nilipochoka nikaandika C kwa sababu ukikwama unaandika C."

Shangazi hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Alimtazama tu, muda mrefu, kama mtu anayesoma herufi moja moja.

"Na Jumatatu, Mama Mayai alipokuja na karatasi. Ulijua?"

"Nilihisi."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Kuku walikuwa hai Jumatatu," alisema Shangazi.

Jioni ile walikula, na Sisimizi alisikia kila punje ya wali ikishuka.

Asubuhi, badala ya kwenda shule, walikwenda maabara pamoja. Mlinzi wa getini, mtu wa mzaha, alimwangalia Sisimizi akasema, "Leo umeleta mtaalamu wako?" Alipoona nyuso zao, alifungua geti.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mkono wa kushoto uliojaa makovu ya midomo ya kuku. Meza yake haikuwa na nafasi hata ya kikombe.

"Shikamoo, Daktari," Sisimizi alisema.

"Marahaba. Dada, nilikuambia sina la kuongeza."

"Mimi pia sina," alijibu Shangazi. "Mtoto ndiye mwenye la kusema."

Sisimizi alisema. Alisema akitazama mguu wa meza, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba Mkuu aliinama ili kusikia. Hakuruka kitu, hata ile siku ya mchele aliisema. Alipomaliza, Mkuu alimtazama Shangazi.

"Watu huja na visingizio, dada. Hiki ni cha kwanza kuja kwa miguu yake miwili. Nitajuaje kwamba hukumfundisha?"

"Vipande vyote vya mwanzo viko kwenye mashine yenu. Sijawahi kuvigusa. Niruhusu nivipange upya, hapa, wewe ukiwa umesimama nyuma yangu."

Mkuu alitazama saa ya ukutani. Kisha akasogeza kiti.

Sisimizi hakuwahi kumwona Shangazi akifanya kazi kwenye mashine nzuri. Vidole vilivyobabuka havikusita. Alisema kwa sauti kila alichofanya: sasa naondoa vipande vichafu, sasa naunganisha, hapa kompyuta inataka kunidanganya kwa sababu vipande hivi viwili vinafanana, kwa hiyo naikatalia. Mara moja Mkuu alinyoosha kidole na kuuliza kwa nini asichukue njia ya mkato. Shangazi alimweleza kwa nini. Mkuu aliurudisha mkono wake nyuma.

Baada ya saa moja na nusu sampuli ya kumi na saba ilikuwa juu ya kioo. Matundu yalikuwa pale pale. Sisimizi aliyahesabu kimoyomoyo ingawa hakuna aliyemwomba. Mia mbili na kumi na mbili.

"Na jibu lako lingekuwa nini?" Mkuu aliuliza.

"Haijulikani. Chukueni sampuli nyingine, na hadi hapo mama yule asichanganye kuku."

Mkuu alikaa pembeni ya meza. Kwa muda alionekana amechoka kuliko wote.

"Hukutunga. Nitalisema hilo mbele ya wale wale waliosikia lile la kwanza. Lakini dada, faili lilitoka mikononi mwako bila kukaguliwa. Na mimi nilitia sahihi karatasi ya Mama Mayai bila kulifungua. Tuko wawili. Kamati ilikaa jana. Nafasi wamempa kijana mwenye shahada. Sikusema lolote la kukutetea, kwa sababu jana sikuwa na la kusema."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Alikuwa amezoea barua. Safari hii aliipokea kwa mdomo.

"Naweza kurudi kwenye vyombo?"

"Vyombo vipo." Mkuu alifikiri kidogo. "Na huyo kijana hajawahi kushika data ya kuku. Jumatano mchana njoo ukae naye. Siahidi kitu. Hakuna cheo wala barua. Ni kiti tu."

"Kiti nitakikalia," alisema Shangazi.

Siku ile ile maabara walichukua sampuli mpya kutoka kwa kuku wa Mama Mayai waliokufa. Safari hii mashine ilisoma vizuri, na jibu likawa kikali kabisa. Watu wa chanjo walipita mtaa mzima, na Sisimizi aliwafuata nyumba kwa nyumba akishika kuku ili watiwe dawa jichoni, tone moja kila kuku. Alidonolewa hadi mikono yake ikafanana na ule mkono wa Mkuu. Kuku wa nyumba nyingine walinusurika. Banda la Mama Mayai lilibaki wazi na tupu, likinuka chokaa.

Sisimizi alikwenda kwake peke yake, akasimama uani, akamwambia alichofanya. Mama Mayai alimsikiliza huku akikunja magunia ya chakula ambacho hakikuwa tena na wa kukila.

"Sasa najua," alisema mwishowe. "Nilidhani nina mkosi. Afadhali kujua." Kisha akaongeza, bila hasira, na bila kitu kingine pia, "Usije tena wiki hii. Nikikuona nawaona wao."

Sisimizi alirudi nyumbani akiburuza miguu. Shangazi alikuwa mezani. Alikuwa ametoa miwani yake kwenye kopo la biskuti. Zile barua zilikuwa bado mle ndani.

"Kaa hapa," alisema. "Nimekuwa na hasira na wewe, na bado kidogo imebaki, kwa hiyo nisikilize kabla haijarudi yote. Mwalimu wako hakukosea kuhusu mtihani wake. Kwenye mtihani, anayejibu na anayesahihisha wote wanajua kwamba jibu lipo mahali fulani. Kazi hii si mtihani. Hakuna mwenye majibu kabatini. Kuna kuku wa watu, na kuna sisi tunaotazama kwa niaba yao. Ulichoona, sema umeona. Ambacho hukuona, sema hukuona, hata kama watakunyima kazi kwa hilo. Mimi ningewapa mia mbili na kumi na mbili 'sijui', na Mama Mayai angekuwa na kuku wake."

"Na wewe ungepata nafasi."

"Pengine. Pengine wasingenipa hata hivyo. Hilo nalo sijui." Shangazi alivuta pumzi. "Na kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. La kwanza ulilifanya kwa kutojua. La pili ulilifanya ukiwa unachagua mchele. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kuku hawasubiri. Na mimi niliacha faili wazi, nikanakili bila kukagua, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Hilo ni langu, silitupi kwako."

Nje mtaa ulikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza Sisimizi alitambua kwamba kwa miaka yote kuku wa Mama Mayai walikuwa wakilia saa kama hiyo.

Jumatano Shangazi alikwenda kukaa kwenye kiti kile. Alirudi na sampuli sita kwenye flashi. Yule kijana mwenye shahada alikuwa mpole, alisema, lakini alimwita "mama wa vyombo" na hakujua kwamba inauma. Hakuna aliyetaja nafasi nyingine. Huenda isingekuwepo.

Sisimizi alikitoa kijiwe kwenye kisanduku cha kiberiti, akakiweka chini ya waya. Taa ndogo ya kompyuta ikawaka. Shangazi alifungua faili la kwanza, kisha akalisukuma daftari kuelekea kwake.

"Hesabu."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu ndani?"

"Nikikosea je?"

"Utaniambia umekosea."

Sisimizi alivuta kiti. Alihesabu matundu kwa ncha ya kidole, bila kugusa kitufe hata kimoja. Arobaini na moja. Alirudia tangu mwanzo, polepole, akapata arobaini. Alishika kalamu, akaiweka chini.

"Shangazi," alisema. "Sina uhakika."

Shangazi alihamisha kiti chake kikagusana na cha Sisimizi, akavaa miwani.

"Vizuri," alisema. "Tuhesabu pamoja. Hivi ndivyo kazi inavyoanza."